Ukumbi wa Bi Siwatu Usiokuwepo

Hapana, hakufungwa. Nani kawaambia kafungwa? Watu bwana, wakisikia mwenzao kaitwa ofisini tu, wanaanza kugawana vyombo vyake. Bi Siwatu hakulala ndani hata siku moja, na kiwanja chake hakikupigwa mnada, ingawa mguu mmoja kilishauingiza mnadani. Tulieni sasa niwaeleze toka mwanzo, maana mmeanza kuniuliza kwenye mkia.

Nchi yenyewe msiniulize jina. Si kwamba naogopa, nimelisahau tu. Ni nchi moja hivi, ina bendera, ina wimbo, ina Mkubwa wake ambaye picha yake imetundikwa kila ofisi, na chini ya picha wameandika: BABA WA VIWANJA VYOTE. Kama mnahisi mmeshawahi kuiona mahali, hilo shauri yenu, mimi simo.

Katika nchi hiyo kuna mtaa unaitwa Pumzika. Wala hapumziki mtu. Nyumba zimebanana hata wa nyumba hii akipiga chafya, wa nyumba ya pili ndiye anayefuta kamasi. Jeneza kulitoa ndani lazima lipite kwa ubavu, na marehemu avumilie. Sasa katikati ya mbanano huo kulikuwa na kiwanja kimoja kitupu, cha Bi Siwatu Mfaume, mjane, fundi cherehani aliyeacha kazi baada ya macho kuanza kumkataa. Kitupu kabisa. Nyasi, jiwe moja, na mbuzi wa jirani yake Mama Chausiku, basi.

Msidhani alikiacha kwa uvivu. Mumewe, Mzee Tindwa, siku anaondoka duniani alimshika mkono akamwambia, "Siwatu, pale usijenge, usiuze. Ukijenga pale, watu wa Pumzika watalia wapi?" Na ni kweli. Mtaa mzima ulikuwa unafanyia mambo yake pale. Ukifiwa, turubai la mtaa linafungwa pale. Ukiozesha, pale. Yakiisha, turubai linakunjwa linarudi chini ya kitanda cha Mama Chausiku, na mbuzi anarudi kwenye jiwe lake. Bi Siwatu hatozi mtu kitu. Umletee ukoko wa pilau tu, umefunikwa na sahani. Ukoko alikuwa anaupenda yule mama, we acha!

Basi siku moja Mkubwa akapanda ndege, akachungulia chini, akasema, "Naona nchi yangu ina thamani kuliko inavyojionyesha." Ni hayo tu aliyosema. Pengine alikuwa anazungumza na mkewe. Lakini ndege haijatua, chini kimeshaundwa chombo kipya kinaitwa Idara Kuu ya Kuthamini Visivyohamishika, kimepewa magari mapya, na kila mlango wa gari umeandikwa kwa rangi nyekundu: KILICHOANDIKWA KIPO.

Pumzika akapelekwa mtathmini mmoja, jina lake Kizito Ndaro. Kizito jina tu, mwenyewe mwembamba kama mti wa bendera. Alifika siku ya arobaini ya Mzee Pazi, turubai la buluu limefungwa, watu wamejaa, masufuria yanatokota. Na hapo ndipo watu wa Pumzika walipojikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Maana mahali pengine mtu akija na faili anaulizwa, "Unataka nini?" Pumzika akija mtu na faili, jasho linamtiririka, anaulizwa, "Umekula?"

"Sijala, mama, lakini niko kazini," akasema Kizito.

"Kazi gani hiyo inayokataza watu kula? Kaa hapo," Mama Chausiku akamwambia. "Mtazame, tumbo limegusana na mgongo! Jamani, mpeni huyu kiti!"

Akakaa kivulini. Akala sahani ya kwanza. Ya pili ikaja bila kuitwa. Bi Siwatu mwenyewe alimletea maji ya kunawa, akamwombea dua njema. Na yeye, kwa mkono wa kulia anakula, kwa wa kushoto anaandika. Aliandika: "Ukumbi wa sherehe. Paa la buluu. Viti mia mbili. Jiko la kisasa, sehemu tatu za moto." Sehemu za moto ni mafiga yale. "Maji ndani." Ndoo na kata. "Ulinzi upo." Mbuzi.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Bi Siwatu alisomewa mlangoni, watu wakaja kusikiliza. Ilianza kwa hongera. Hongera, kiwanja chako kimepanda hadhi kutoka ardhi tupu mpaka ukumbi wa daraja la kwanza. Halafu ikataja kodi, na kodi ya mwaka mmoja ilikuwa inazidi bei ya kiwanja, jiwe na mbuzi vikiuzwa pamoja. Asiyelipa ndani ya siku tisini kiwanja kinanadiwa. Asiyeridhika akate rufaa, na Mkubwa anampenda.

"Ukumbi gani?" Bi Siwatu akauliza. Akatoka nje akaenda kutazama, maana barua ya serikali ina namna ya kumtia mtu wasiwasi. Akakuta nyasi. Akamkuta na mbuzi, anacheua. "We umeuona ukumbi?" akamuuliza. Mbuzi akamtazama kama wanavyotazama watu wa ofisini.

Asubuhi akavaa gauni lake la heshima, akaenda Idarani, dirisha la tatu. Dirisha la kwanza lilikuwa la kulipa, la pili la kulipa faini ya kuchelewa la kwanza. La tatu ndiyo rufaa, na mbele yake waliweka benchi moja refu ambalo watu walikuwa wamelikalia mpaka likaingia mashimo. Ndani ya dirisha alikaa karani mmoja msichana, Anifa, kucha ndefu, sura nzuri, hana ubaya. Alikuwa anaandika kila anachoambiwa, ndiyo kazi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema sina ukumbi."

"Umeleta picha yake?"

"Ya nini?"

"Ya ukumbi ambao huna."

Bi Siwatu akarudi nyumbani, akamleta mpiga picha, siku ya pili akaipeleka. Nyasi, jiwe, mbuzi. Anifa akaigeuzageuza. "Mama, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo kiwanja chako. Chako kwenye faili kina ukumbi. Hiki hakina kitu."

"Si ndiyo maana nimekuja, mwanangu!"

"Sasa mama, mimi nikiipokea hii nitakuwa nimepokea picha ya kiwanja cha mtu mwingine. Nitafukuzwa kazi." Akainamisha kichwa, akanong'ona kwa huruma, "Kwa nini usiubomoe tu? Ukileta cheti cha kubomoa, jina linatoka mara moja."

"Nitabomoa nini?"

"Ukumbi. Ila cheti cha kubomoa hakitoki bila kibali cha kujenga. Unacho?"

"Sikujenga!"

Anifa akashika kinywa. "Usiseme hivyo kwa sauti, mama. Kujenga bila kibali ni kosa la jinai."

Bi Siwatu akakaa kwenye benchi, akapata shimo linalomtosha. Akawaza maneno ya mumewe. Watalia wapi? Akainuka tena dirishani. "Mwanangu, hebu niambie kwa lugha ya mama yako. Hapa mtu anashindaje?"

Anifa akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hapa mama, hakuna kuona. Kuna kuandika. Mdomo wako hata ukisema kweli ni upepo. Kikiandikwa, hata uongo unaota mizizi." Akamsukumia kijitabu cha sheria chini ya kioo. "Chukua. Hakuna anayekisoma."

Kile kijitabu Bi Siwatu alisomewa siku saba mfululizo na Mama Chausiku, ambaye alisoma mpaka darasa la tano na alikuwa akifika kwenye neno gumu anaruka kama dimbwi. Siku ya sita wakafika kifungu cha tisa: kodi ya jengo inalipwa na mwenye jengo, na jengo likiwa mali ya serikali, inakatwa kwenye mshahara wa ofisa mkubwa kuliko wote atakayekutwa amekaa ndani yake. Kifungu hicho waziri mmoja alikiweka zamani kumkomoa mwenzake aliyekataa kuhama ofisi. Mwenzake alihama, kifungu kikabaki.

"Rudia hapo," akasema Bi Siwatu.

Mama Chausiku akarudia.

"Rudia tena."

"We Siwatu nawe, unataka kukiimba?"

Rufaa ikapokelewa hatimaye, na si kwa sababu ya haki. Ilipokelewa kwa sababu Kamati ya Rufaa ilikuwa na njaa. Rufaa ya mezani haina posho, lakini rufaa ya kwenda kukagua eneo ina posho ya safari, ya kulala, na ya vumbi. Kutoka Idarani mpaka Pumzika, mtu mwenye kidonda cha mguu anatembea dakika kumi. Kamati iliondoka na magari sita, ikalala hoteli siku mbili njiani.

Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Alhaji Mchungaji Lubango. Ndiyo, Alhaji na Mchungaji vilevile, asije akakosa mwaliko. Mtu mnene, mwenye sauti ya kuazima, akisema "maji" unadhani ametaja bahari.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Bi Siwatu akawakusanya wenzake alfajiri. "Leo hakuna turubai. Hakuna kiti. Hakuna hata kata ya maji. Wakute nyasi, wakanyage nyasi, waandike nyasi."

Mama Chausiku akashika kiuno. "Wageni wapigwe jua Pumzika? Mbele ya macho yangu? Mama yangu atafufuka anichape."

"Tulimpa kivuli mmoja akatuandikia ukumbi. Hawa saba ukiwapa kivuli si watatuandikia uwanja wa ndege!"

"Na chakula?"

"Marufuku!"

Mama Chausiku akaondoka. Baada ya muda harufu ya bizari ikaanza kutoka uani kwake. Bi Siwatu akamfuata mbio. "Chausiku! Nimesema nini?"

"Sijampikia mgeni," akajibu bila kugeuka, mwiko mkononi. "Nimeipikia njaa. Njaa haina kamati."

Basi kiwanja kikawa safi, kitupu, kinapendeza kwa utupu. Bi Siwatu akasimama katikati na gauni lake la heshima. Saa nne likaingia lori. Siyo la Kamati, la Ofisi ya Itifaki. Wakaruka vijana kumi na wawili wenye kofia, wakashusha vyuma, wakashusha hema jeupe kubwa kama chuki, wakaanza kulisimamisha.

"Nyie! Nyie!" Bi Siwatu akawakimbilia. "Mnafanya nini? Wanakuja kuangalia kama hapa pana kitu!"

"Tunajua, mama," akasema mkubwa wao akigonga vigingi. "Lakini Mheshimiwa haruhusiwi kuangalia kitu akiwa juani. Ni itifaki."

"Sasa mkiweka hilo wataona nini?"

"Sisi tunafunga tu. Kuona ni kazi ya Kamati."

Wakapanga viti mia mbili. Wakatandika zulia jekundu juu ya nyasi. Mbuzi akapigwa teke akahamia kwa majirani. Nusu saa haijapita, mahali ambapo Mzee Tindwa alisema pasijengwe pamesimama ukumbi mweupe wenye maua ya plastiki. Miezi miwili ya kukaa kwenye benchi la mashimo, na sasa ushahidi wake wote umefunikwa zulia.

Magari sita yakaja yakipiga honi. Mwenyekiti akashuka, akakaa kiti cha mbele chenye foronya, wajumbe wakajipanga kushoto na kulia kwake. Anifa akakaa pembeni na daftari kubwa la Kamati, akaandika nani amekaa kiti kipi. Kizito Ndaro akasimama nyuma yao na faili lake, amekonda zaidi. Watu wa Pumzika wakaambiwa wasimame nje kwenye jua, maana itifaki ya kivuli haikuwataja.

Mwenyekiti akainuka, akakohoa mara tatu, kila kikohozi kikapigiwa makofi.

"Ndugu wananchi! Nchi yetu inajengwa na macho yanayoona! Mama huyu, kwa moyo wa kutoipenda nchi, anadai hapa hapana ukumbi. Sisi hatukumhukumu. Tumekuja wenyewe, kwa gharama kubwa, kwa usingizi mdogo. Na sasa nauliza." Akatazama juu. Wajumbe wote wakatazama juu. Akagonga nguzo kwa pete yake, ngo, ngo. Wajumbe nao wakagonga nguzo zilizo karibu. "Hiki ni nini?"

"Ukumbi, Mheshimiwa!" wajumbe wakaitika.

"Mtathmini! Uliuona ukumbi?"

"Niliona, Mheshimiwa," akasema Kizito taratibu, hatazami watu. "Nililia humo."

"Umesikia? Alilia!"

"Nilikula, Mheshimiwa. Nimesema nilikula humo."

"Alikula! Na mtu hali mahali ambapo hapapo! Anayekula ndani ya ukumbi ameukubali ukumbi. Iandikwe!" Anifa akaandika. "Kuna anayebisha?" Akakaa kitini kwake.

Nje watu wakainamisha vichwa. Mama Chausiku akaanza kulia kimyakimya, na kwa mara ya kwanza akawa analia pale bila msiba. Bi Siwatu akamtazama. Halafu akatazama lile daftari. Halafu akatazama pembeni mwa hema, pale kitambaa kilipokunjamana. Macho yalikuwa yameshamkataa, lakini mtu aliyeshona miaka thelathini hakosi kuona kilichoshonwa kwenye pindo.

Akainua mkono. "Mheshimiwa, sibishi. Nakubali."

Watu wakaguna. "Siwatu!" Mama Chausiku akapiga kelele. "Umerogwa?"

"Nakubali ukumbi upo," akasema Bi Siwatu, sauti yake laini kama mtu anayepima nguo ya bibi harusi. "Nani atabisha, na Mheshimiwa ameugonga kwa mkono wake? Ninaomba tu, baba, na sisi wajinga tujifunze, uandikwe vizuri. Umejengwa leo saa nne. Na pale kwenye pindo pana lebo. Anifa, mwanangu, una macho mazuri, isome ukiiandika."

Anifa akainuka, akavuta pindo, akasoma kwa sauti huku anaandika: "Mali ya Ofisi ya Itifaki ya Taifa. Haiuzwi."

"Asante, mwanangu. Basi ukumbi ni wa serikali. Na mimi nimefurahi, maana sikuwahi kuwa na ukumbi. Sasa Bwana Kizito, wewe ndiye mwenye elimu ya kodi. Kifungu cha tisa kinasemaje vile?"

Kizito akatoa kijitabu cha sheria kwenye faili, akakifungua. Nyinyi mngemwona mdomo wake! Ulikuwa unapigana na kicheko. Akasoma mpaka mwisho, neno kwa neno: mshahara wa ofisa mkubwa kuliko wote atakayekutwa amekaa ndani yake.

Bwana wee, wajumbe sita wakasimama kwa mpigo mmoja kama wameketi juu ya siafu. Mwenyekiti naye akasimama, lakini alishaandikwa amekaa.

"Hebu," akasema. Sauti ya kuazima ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe. "Hebu tusiharakishe. Hili... hili ni hema."

"Hema ni nini, Mheshimiwa?" Bi Siwatu akauliza kwa unyenyekevu mkubwa. "Sisi hatukusoma."

"Hema ni kitambaa!"

"Si jengo?"

"Litakuwaje jengo? Lina kamba! Hema si jengo, halijawahi kuwa jengo, na anayeliita jengo ni adui wa maendeleo!"

"La buluu je?"

"La rangi yoyote!"

"Hata mtu akilia ndani yake? Akila?"

"Hata akizaa!" Mwenyekiti akafoka, jasho linamdondoka kwenye zulia. "Andika! Kiwanja ni kitupu! Kilikuwa kitupu na ni kitupu! Leta muhuri!"

Anifa akaandika, muhuri ukagongwa, na nakala akapewa Bi Siwatu mkononi ingali na unyevu. Kilichoandikwa kipo.

Vijana wa Itifaki wakasogea kukunja hema. "Anifa," Bi Siwatu akaita, "andika na majina ya wanaofungua kamba, tujue mali ni ya nani."

"Msiguse!" Mwenyekiti akapiga ukelele. "Mkono wa mtu usiguse hilo dude! Hatulijui! Tumelikuta!"

Na wakati huo huo, maana Mungu naye ana ucheshi wake, Mama Chausiku akatokea uani na sufuria la kwanza. Akafunua kifuniko. Mvuke wa pilau ukatembea taratibu juu ya zulia jekundu, ukampita mjumbe wa kwanza, wa pili, ukaenda kumkalia Mwenyekiti puani. Akameza mate, kila mtu aliona koo likipanda na kushuka.

"Karibuni, waheshimiwa," akasema Mama Chausiku. "Pumzika mgeni haondoki na njaa."

Mwenyekiti akatazama pilau. Akatazama daftari, lile lililoandikwa kwa amri yake kwamba anayekula ndani ya ukumbi ameukubali ukumbi. Akatazama kalamu ya Anifa, iko tayari. Akageuka bila kuaga, akaingia garini, wajumbe nyuma yake wananusa mpaka mlango unafungwa. Kwenye dirisha akapaza sauti kwamba atarudi na kodi ya nyasi. Magari sita yakaondoka, na lori, tupu.

Aliyebaki ni Kizito. Alisimama pale kwenye kona ya zulia na faili kifuani, kama mtoto aliyesahaulika sokoni. Halafu akavua kitambulisho cha Idara shingoni, akakitia mfukoni. "Bi Siwatu," akasema, "mama yangu... nimekuja kama mtu tu."

Watu wakamtazama. Mama Chausiku akainua mwiko, haijulikani wa kupakulia au wa kupigia.

Bi Siwatu akamwendea. Akampokea faili, akaliweka juu ya jiwe. Akampokea kalamu, akaichomeka kwenye kilemba chake. Akamsukumia kiti cha mbele kile chenye foronya.

"Kaa ule, baba," akamwambia. "Ila leo utakula kwa mkono mmoja, na ule wa pili niuone."

Mtaa mzima ukaingia kivulini, viti mia mbili vikajaa na wengine wakakaa kwenye zulia, mbuzi akarudi kwenye nyasi zake. Anifa akalifunga daftari, akavuta sinia. Bi Siwatu akaketi wa mwisho, akawekewa sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, na alipoifunua ilikuwa ukoko mtupu, mwekundu, wa sufuria zima. Wakasema bismillahi.